Vidonge Ambavyo Hakuna Aliyevihesabu

Baada ya msiba wa mwanawe, mzee Len Boogaard alirudi kwenye kazi aliyoizoea. Alikuwa askari wa polisi nchini Kanada, mtu wa kukusanya ushahidi, basi akakusanya: vyeti vya dawa, rekodi za simu, taarifa za hospitali, majina ya madaktari. Alipozipanga karatasi zote aliona kwamba katika misimu mitatu ya mwisho ya kijana huyo, madaktari zaidi ya kumi na wawili wa timu mbili walikuwa wamemwandikia dawa zaidi ya mara 100. Maelfu ya vidonge, vya maumivu na vya usingizi. Kila daktari alikuwa na karatasi zake. Jumla ilikuja kupigwa na baba mfiwa, akiwa peke yake mezani.

Kijana mwenyewe aliitwa Derek. Ninasimulia habari zake hapa kwa sababu wachezaji wenzake wa zamani, wale waliobaki hai, leo wanazunguka Marekani na Kanada wakiwahimiza watu waache vidonge vya jamii ya afyuni na watumie vitu vya asili. Maneno yao yanasambaa duniani na yanafika mpaka kwetu. Kabla ya kuyapokea au kuyakataa, ni haki tujue yametoka kwenye maumivu gani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Kila upande una watu sita, kipa akiwemo, wamevaa viatu vyenye wembe chini, wanakimbiza kisahani cheusi cha mpira mgumu. Ligi kubwa kuliko zote ni NHL, ya Marekani na Kanada. Ndani ya ligi hiyo, kwa miaka mingi, palikuwa na ajira ambayo huipati kwenye soka wala kikapu: mpiganaji wa timu. Huyu hakusajiliwa kufunga mabao. Alisajiliwa ili mpinzani akimwumiza nyota wa timu, yeye atupe glavu chini na kumlipa kwa ngumi za wazi, mbele ya maelfu ya watu. Waamuzi husubiri mmoja aanguke au wote wachoke, kisha huwapeleka wote wawili kukaa nje dakika tano. Muda huo mashabiki wako wima, wanashangilia kuliko walivyoshangilia bao.

Derek Boogaard alizaliwa mwaka 1982 katika mji wa Saskatoon, kwenye nyanda za katikati ya Kanada ambako majira ya baridi ni marefu na kila mtoto wa kiume hupewa gongo. Alikua akafikia urefu wa karibu mita mbili. Hakuwa hodari wa kuteleza wala wa kufunga, na makocha walimwona mapema kuwa mwili ule una matumizi mengine. Alicheza mechi 277 katika NHL, kwanza na timu ya Minnesota Wild halafu New York Rangers, akafunga mabao 3. Mashabiki walimpa jina la zimwi la kutishia watoto, wakaliimba. Mwaka 2006 alimpiga mpinzani aliyeitwa Todd Fedoruk ngumi iliyomvunja mifupa ya uso hadi madaktari wakamwekea vipande vya chuma. Mwaka uliofuata Fedoruk alihamia Minnesota, wakawa timu moja na kubadilishia nguo chumba kimoja. Haukuwa ugomvi wa chuki. Ilikuwa kazi, kama mtu anavyopasua mawe.

Lakini jiwe halimrudishii mpasuaji ngumi. Vidole vya Derek vilivunjika na kuunga vibaya. Mgongo uliuma. Mwaka 2009 alifanyiwa upasuaji wa pua na wa bega. Na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo, maana mambo mengi hutendeka katika hatua hii na huonekana ya kawaida. Mtu ameumia kweli. Daktari anamwandikia dawa ya kweli. Dawa inafanya kazi. Mgonjwa anarudi uwanjani, kocha anafurahi, mshahara unaingia, na maumivu yakirudi dawa ipo. Hakuna mwovu katika picha hii. Ukimwuliza yeyote aliyemo atakujibu kwamba alikuwa anamsaidia.

Dawa zenyewe zilikuwa za ukoo wa afyuni, hasa oksikodoni. Ukoo huu hauponyi kidonda. Huingia kwenye ubongo na kuzima taarifa kwamba kidonda kipo. Ukitumia kwa siku chache baada ya upasuaji ni rehema. Ukitumia kwa miezi, ubongo huzoea. Kidonge kimoja kilichotosha Januari hakitoshi Machi, na ukikosa, mwili mzima huuma, jasho hukutoka, usingizi hukimbia. Vijana wa mitaani kwetu huiita hali hiyo arosto, na wanaijua vizuri kuliko maprofesa wengi. Jambo la tatu ndilo linaloua: dawa hizi hupunguza kasi ya ile sehemu ya ubongo inayotukumbusha kupumua tukiwa usingizini. Pombe nayo hufanya hivyo hivyo. Vikikutana, mtu hulala na pumzi ikasahaulika.

Mwezi Septemba 2009 Derek alipelekwa California katika kituo cha kutibu uraibu. Watu wa nje hawakuambiwa ukweli. Alipotoka alirudi kazini, na vyeti vya dawa vikaendelea kuandikwa. Katikati ya mwaka 2010 Rangers walimsajili kwa miaka minne, dola milioni 6.5. Tarehe 9 Desemba mwaka huo alipigana mjini Ottawa, akapata mtikisiko wa ubongo, na hakucheza tena. Aprili 2011 alirudishwa matibabuni California. Katikati ya Mei alikuwa nyumbani kwake Minneapolis kwa ruhusa fupi. Usiku mmoja alitoka kunywa, akarudi, akalala. Tarehe 13 Mei ndugu zake walimkuta amekufa. Alikuwa na miaka 28. Wachunguzi walisema ni ajali ya kuchanganya pombe na oksikodoni.

Kuna jambo ambalo kila familia yenye mraibu inapaswa kulijua, na mara nyingi hulijua baada ya mazishi. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila dawa huwa mwili wake umesahau ile ngao ya mazoea. Kipimo alichokimudu mwezi uliopita sasa kinaweza kumuua. Siku za kwanza baada ya kutoka kituoni, wakati nyumbani wanachinja kuku kwa furaha, ndizo siku za hatari kuliko zote.

Ubongo wake ulichunguzwa katika Chuo Kikuu cha Boston. Dakta Ann McKee na wenzake walikuta ugonjwa wa ubongo uitwao CTE, unaotokana na kupigwa kichwani mara nyingi na ambao hadi sasa huthibitishwa baada ya mtu kufa tu. Ulikuwa umefika mbali kuliko walivyotarajia kwa kijana wa umri ule. Agosti ya mwaka huohuo, Rick Rypien na Wade Belak, wote wapiganaji wa timu, walikufa pia, wiki mbili tu kati ya kifo na kifo. Familia ya Boogaard ilikwenda mahakamani dhidi ya ligi mwaka 2013. Mwaka 2017 kesi ikatupwa. Waliomwita zimwi walisahau mithali yetu isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la ngumi na vidonge lilimjua sana, likammaliza.

Sasa tuje kwa waliobaki.

Riley Cote alizaliwa mwaka uleule wa 1982, katika mji wa Winnipeg, kwenye nyanda zilezile. Kazi yake ilikuwa ileile, kwa Philadelphia Flyers: mechi 156, bao moja. Alistaafu mwaka 2010, akiwa na miaka 28, umri uleule ambao mwenzake alikufa nao. Ukitaka kuona jinsi njia mbili zinavyoachana kwenye njia panda moja, tazama hawa wawili. Cote anasema wazi kwamba bangi ndiyo iliyomsaidia kulala, kutulia na kuvumilia mikono iliyovunjika, wakati wengine walikuwa wakimeza vidonge na kunywa. Alipostaafu alianzisha taasisi ya kuutetea mmea huo, akashirikiana na wanamichezo wengine wa zamani kuunda shirika la Athletes for Care. Darren McCarty, aliyetwaa vikombe vinne vya Stanley, yaani vya ubingwa wa NHL, na Detroit, naye husema bangi ndiyo iliyomtoa kwenye pombe. Daniel Carcillo, mwenye vikombe viwili na Chicago, alimpoteza rafiki yake Steve Montador mwaka 2015. Ubongo wa Montador nao ulikutwa na CTE. Carcillo alielekea kwenye uyoga wa kulevya, akasema umemrudishia akili yake, na sasa anahimiza ufanyiwe utafiti.

Ninawaamini watu hawa wanapozungumzia maumivu yao. Waliyabeba. Ninawaheshimu pia kwa kusema hadharani, maana chumba cha wachezaji wa barafuni kina sheria ya kimya kali kuliko jando. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wao waliamua kutoficha. Mwaka 2020 Ryan Kesler, nyota wa zamani wa Vancouver, alijitokeza katika filamu ya televisheni ya Kanada akaeleza jinsi dawa ya maumivu ya Toradol, ambayo si ya ukoo wa afyuni, ilivyoharibu matumbo yake kwa sababu aliitumia ili aendelee kucheza. Kwa ushuhuda wa namna hii vijana wengi watapona.

Ila ushuhuda wa mtu kuhusu kidonda chake ni kitu kimoja, na ushuhuda wake kuhusu dawa ni kingine. Hapa lazima tuwe wakali kidogo, kwa mapenzi. Cote ameingia katika biashara ya mafuta ya CBD yanayotokana na mmea wa bangi. Carcillo alianzisha kampuni ya dawa za uyoga. Hilo halimfanyi yeyote kuwa mwongo. Lakini mganga akiwa pia ndiye mwenye duka, mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali mawili zaidi.

Na neno "asili" lenyewe, jamani, limetumika kutudanganya kwa muda mrefu. Afyuni ni ya asili. Ni utomvu wa ua zuri, mpopi, na binadamu ameutumia kwa maelfu ya miaka. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner aliitoa humo mofini. Watu waliponaswa na mofini, ikatafutwa mbadala salama, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza dawa ya kikohozi iliyoaminika kuwa haina uraibu. Jina lake lilikuwa Heroin. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1996, kampuni ya Purdue ilileta OxyContin, oksikodoni inayoachiliwa polepole mwilini, na wauzaji wake wakawahakikishia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo mno. Hoja iliyorudiwa sana wakati huo ilitoka kwenye barua fupi, aya moja tu, iliyochapishwa mwaka 1980 katika jarida la tiba la New England: kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizo, waliopata uraibu walikuwa wanne. Wachache walisoma kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa hospitalini, mbele ya muuguzi, kwa muda wa matibabu yao. Mwaka 2007 kampuni ikakiri mahakamani kwamba iliipotosha jamii, ikalipa zaidi ya dola milioni 600. Kufikia 2021, vifo vilivyohusishwa na dawa za ukoo huu Marekani vilipita 80,000 kwa mwaka mmoja.

Angalia mlolongo huo. Kila mara ubaya wa dawa ya jana ndio uliotumika kuinadi ya leo. Sitaki bangi na mafuta yake yaingie kwenye foleni hiyo kwa mwendo uleule, na wanamichezo wenyewe wasingetaka.

Basi ushahidi unasemaje? Mwaka 2014 watafiti waliotazama majimbo ya Marekani walikuta kwamba yale yaliyoruhusu bangi kwa tiba yalikuwa na vifo pungufu kwa karibu asilimia 25 vya dawa za ukoo wa afyuni. Habari hiyo ilishangiliwa kila mahali. Mwaka 2019 wengine walirudia hesabu ileile kwa kuongeza miaka hadi 2017, na matokeo yakageuka: majimbo hayo sasa yalikuwa na vifo vingi zaidi, karibu asilimia 23. Si kwamba bangi ilianza kuua watu. Ni kwamba hesabu ya kwanza haikuwa imethibitisha kile tulichotaka kuamini. Taasisi za sayansi za Marekani zilisema mwaka 2017 kwamba bangi huwapunguzia maumivu watu wazima wenye maumivu sugu. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu mwaka 2021 kilikataa kuiidhinisha, kikisema ushahidi hautoshi. Na mafuta ya dukani? Watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni na kuzipima. 26 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Baadhi zilikuwa na kilevi chenyewe cha bangi ndani yake. Tena CBD huweza kugombana na dawa nyingine, kama warfarini ya kuzuia damu kuganda. Mzee mgonjwa wa moyo anayeletewa chupa na mjukuu wake kutoka ughaibuni hatayaona hayo kwenye lebo ya kupendeza.

Upande wa pili wa mizani, vidonge vikali navyo havina sifa tunayovipa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti, waliofuatiliwa miezi 12. Waliopewa dawa za ukoo wa afyuni hawakutembea wala kufanya kazi vizuri kuliko wale walioanzia kwenye dawa za kawaida kama parasetamoli. Maumivu yao yalikuwa makali kidogo zaidi. Kwa hiyo Cote na wenzake wako sahihi kwa nusu nzima ya hoja yao: kwa mgongo unaouma miaka nenda rudi, kidonge kikali si jibu.

Nusu nyingine wameipita bila kuitazama vizuri. Dawa ya asili kuliko zote kwa mkono uliovunjika ni kuupumzisha. Kwa ubongo uliotikiswa, ni utulivu, usingizi na wiki kadhaa bila kupigwa tena. Hakuna anayeiuza, haina lebo, na ndiyo pekee ambayo timu haikuweza kumpa Derek, kwa sababu mechi ya kesho ilimhitaji. Mtu anayerudishwa ulingoni akiwa ameumia, umrudishe kwa oksikodoni au kwa mafuta ya mmea, umemrudisha. Kosa limetendeka kabla dawa haijafunguliwa.

Wala mofini si shetani. Uganda, tangu ilipoanzishwa Hospice Africa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, wagonjwa wa saratani wamepewa mofini ya maji ya kunywa, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Mama anayekufa kwa saratani ya shingo ya kizazi akiinywa hupata kulala na kuwaaga wanawe. Februari 2011, miezi mitatu kabla ya kifo cha Derek, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa methadoni vijana waliokuwa wakijidunga heroini. Methadoni nayo ni ya ukoo uleule wa afyuni. Kwa kawaida kijana huja kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, jina lake huandikwa, asipofika hutafutwa. Ukoo wa dawa ni mmoja. Mmoja kafa Minneapolis akiwa na mamilioni ya dola, mwingine anapona Dar es Salaam akiwa na nauli ya daladala, na tofauti kubwa ninayoiona ni kwamba huyu wa pili ana mtu anayehesabu.

Huku kwetu tramadoli, ambayo pia ni ya ukoo huo, huuzwa kienyeji kama pipi. Sindano ya diklofenaki huchomwa kijana pembeni ya uwanja ili amalize dakika ishirini zilizobaki za fainali ya mtaa, na watu humpigia makofi kwa moyo wake wa ushujaa. Hatuna barafu, lakini makofi hayo nayafahamu.

Basi ewe mzazi, kocha, kiongozi wa timu, mke wa mchezaji: kijana wako akirudi nyumbani anachechemea, usimwulize kwanza kama atacheza Jumapili. Mwulize anameza nini, kapewa na nani, na vimebaki vingapi. Akikuonyesha pakiti au chupa, iwe ya hospitali au ya majani, kaa naye chini, mhesabu pamoja kilichobaki.